Wimbo wa Fifi

Kila mwaka, kidato cha kwanza wakishapata madawati, mimi ndiye ninayeingia kuwafundisha utangulizi wa sanaa. Naandika ubaoni: sanaa ni nini. Chini yake naandika: kazi za sanaa katika jamii. Wanafunzi wananisomea yale ambayo wameshayakariri kutoka kwa kaka na dada zao: kuelimisha, kuburudisha, kuonya, kuhifadhi utamaduni. Wanayasema kwa pamoja, na mimi naweka vema, basi, kipindi kinasonga. Sina ugomvi na mtaala. Ila tukifika hapo kwenye kuhifadhi, mkono wangu unakuwa mzito, maana kwetu kuna kitu kilihifadhiwa ambacho hakikutakiwa kuhifadhiwa.

Mwaka mmoja niliwaambia wanitajie wimbo wa huku kwetu wenye mafunzo. Binti mmoja wa mbele akasimama akasema, "Mwalimu, ule wa ndama." Darasa likachangamka, nusu yao wakaanza kuuimba pale pale na wengine wakagonga meza. Niliwaambia wanyamaze, wafungue madaftari. Sikuwaambia kwamba ule wimbo aliutunga baba yangu. Wala sikuwaambia kwamba huyo ndama ni dada yangu.

Baba alikuwa manju. Manju ndiye anayetunga nyimbo za kundi la ngoma, ndiye anayeanzisha na wenzake wanaitikia, na ndiye anayebeba lawama kundi likishindwa. Kwetu ni upande wa Ngulyati, watu wa pamba na mahindi na ng'ombe wachache. Mchana baba alikuwa mkulima kama wengine, mgongo umepinda, suruali imepigwa viraka. Lakini pamba ikishauzwa na kazi za shamba zikiisha, akivaa yale manyoya na njuga, hata mama alikuwa anamwamkia kwa sauti nyingine.

Ngoma zetu zina pande mbili, Wagika na Wagalu, na baba alikuwa Mgika tangu kuzaliwa. Mashindano yake hayana jaji wala maksi. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, hili huku na lile kule, watu wako katikati. Ukichoshwa na hawa unageuka, unatembea, unaenda kwa wale. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye ameshinda. Sijaona mashindano ya kikatili namna ile. Mtu hahitaji kukuambia kwamba umeshindwa, anakupa mgongo tu, na wewe bado unaimba.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo kila mtu aliyajua. La kwanza, maneno ya uwanjani hayana kesi. Manju akikuimba, akikutukana, akimtaja mkeo, huwezi kumpeleka kwa wazee. Utasubiri manju wa upande wako amjibu. La pili, wimbo ni wa msimu. Mvua zikianza unaachwa, mwaka unaofuata manju analeta mpya. Manju anayerudia wimbo wa mwaka jana anachekwa, anaambiwa amekula kiporo. Kwa hiyo nyimbo zilikuwa zinaoza, na watu waliziacha zioze. Mtu aliyeimbwa vibaya alijificha msimu mmoja, akavumilia, mvua zikaja, mambo yakaisha. Nayasema haya mapema kwa sababu baba alipofanya alichofanya, alikuwa anayategemea haya mawili. Sitaki kumwonea.

Sasa dada.

Dada yangu ndiye mkubwa kwetu, mimi namfuata. Aliolewa akiwa bado binti mdogo, na mimba ya kwanza ilimweka kwenye uchungu hadi watu wa kule wakachoka kumsubiri. Walipomfikisha zahanati, mtoto alishafia tumboni. Yeye akapona, kwa maana ya kwamba alikuwa anapumua. Lakini mkojo ulikuwa unamtoka wenyewe, mchana na usiku, akiwa amekaa, akiwa amelala, bila yeye kuuhisi ukija. Siku hizi najua jina lake, inaitwa fistula, na najua kwamba inatibika. Wakati ule tulijua tu kwamba dada amerudishwa. Mume wake alikuja naye pamoja na baba yake mdogo, wakakaa kidogo, wakakataa hata kunywa uji, wakaondoka.

Mama alimpa kile chumba cha nyuma tulichokuwa tunawekea pamba. Tukivuna, pamba tunaichambua: ile nyeupe, safi, inaenda kwenye mizani, na ile chafu yenye majani na madoa, ambayo haina bei, ndiyo tunaiita fifi. Fifi tulimwachia dada. Alikuwa anaitandika chini ya kanga zake na kulalia, asubuhi mimi na yeye tunaitoa ikiwa imelowa, tunaichoma nyuma ya nyumba majirani hawajaamka. Moshi wake ulikuwa na harufu ambayo mpaka leo nikiisikia popote naacha kula. Tukiulizwa tulisema dada ana malaria ya kujirudia. Kanisani tulisema hivyo, kwa shangazi tulisema hivyo. Mama alikuwa mkali juu ya hilo kuliko jambo lingine lolote. Alisema mwanamke akishajulikana ananuka, hata akija kupona, bado ananuka.

Ndipo ikaja siku ya mashindano.

Upande wa Wagalu walikuwa wamepata manju kijana, mwembamba, mwenye maringo, kutoka upande wa Maswa. Alikuja na chatu. Baba alimcheka kabla hawajaanza, akasema mtu anayebeba nyoka ni kwa sababu hana maneno. Lakini watu wanapenda nyoka, jamani, tusidanganyane. Haikuchukua muda, migongo ikaanza. Kwanza vijana, halafu akina mama wenye watoto mgongoni, halafu hata wazee wa Kigika, wale wa ukoo wetu kabisa, wakaanza kusogea polepole huku wanajifanya wanatafuta kivuli. Baba aliimba nyimbo zake zote za msimu ule. Dawa yake ya kuvuta watu, aliyoilipia mbuzi wawili kwa mganga, haikuvuta hata kuku. Mimi na mama tulikuwa pembeni na wake za wachezaji wenzake, na nilimwona baba anavyoangalia ule uwanja mtupu mbele yake. Nilimwonea huruma. Nilitamani afanye kitu chochote.

Akainua mkono. Ngoma zikanyamaza. Akaanza kuimba peke yake, bila ngoma, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake. Wenyewe ni wa Kisukuma na kwa Kiswahili unapungua, lakini ulikuwa unasema hivi: ndama wangu niliyemtoa zizini amerudi peke yake. Sikumuuliza kitu, akapita nyuma. Amelala juu ya fifi. Asubuhi fifi imelowa, na mvua haijanyesha.

Halafu akageuka kwa wenzake, akawapa la kuitikia: mvua haijanyesha, baba, mvua haijanyesha.

Sijui kama alikuwa ameutunga kabla au ulimjia pale pale. Nilimuuliza baadaye, akasema hata yeye hajui. Ninachojua ni kwamba watu wa mwisho kule kwa nyoka waligeuza vichwa. Wakarudi. Wanawake ndio waliotangulia, na walikuwa wanalia, wengine ni watu wazima ninaowaheshimu. Kabla jua halijazama, yule kijana alikuwa anamchezesha chatu wake mbele ya mbwa. Baba alibebwa juu juu.

Wimbo ulikuwa mzuri. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, kama mtu anataka kuijua. Ungekuwa mbovu ningemsamehe siku ile ile. Lakini ulikuwa mzuri, kila neno limekaa mahali pake, na kila neno lilikuwa la chumba chetu cha nyuma. Nilisikia mwili wote unasisimka, halafu nikamwona mama. Alijifunga kanga vizuri, akaanza kutembea kurudi nyumbani, na wale wanawake wakampisha njia. Hapo walishajua wote. Nani mwingine alikuwa na binti aliyerudi, ambaye haonekani, na moshi wa fifi nyuma ya nyumba kila asubuhi?

Dada aliusikia usiku ule ule, maana watu waliopita barabarani kutoka uwanjani walikuwa wanauimba. Baba aliingia na ushindi wake, akakuta giza, hakuna chakula. Mama alimwambia, "Umemvua nguo mwanao mbele ya watu." Baba akajibu kwamba hakumtaja jina. Akasema maneno ya uwanjani hayana kesi. Akasema, "Mvua zikianza utaisha. Mwakani haupo." Alikuwa anaamini kabisa. Mama alihamia chumba cha nyuma, akalala na dada, na hakurudi tena kwa baba hadi mwisho.

Ukweli mwingine lazima niuseme, japo unanikera. Nesi wa zahanati alikuwa uwanjani siku ile. Yule mama aliusikiliza ule wimbo akaelewa kitu ambacho sisi hatukukielewa, na siku chache baadaye alikuja kwa bodaboda akauliza ndama yuko wapi. Mama alitaka kumfukuza. Nesi akakaa chini ya dirisha la dada, akaongea naye kupitia ukutani, taratibu, akamwambia hii ni fistula, si laana, wanashona, inapona, Mwanza wanafanya. Dada alienda Mwanza. Walimshona mara ya kwanza ikaachia, wakamshona tena ikashika. Alipopiga simu na kuniambia ameamka na shuka kavu, sote wawili tulilia kwenye simu hadi salio likaisha. Kwa hiyo baba hadi kufa kwake alikuwa na jibu. Ukimlaumu anakuuliza, nani alimponya? Na mimi nanyamaza, maana bila ule wimbo yule nesi asingekuja, na dada angekuwa bado yuko kwenye fifi. Naenda darasani nafundisha kwamba sanaa ina manufaa. Najua ina manufaa. Nilikuwepo.

Dada alirudi mzima, mkavu, amenenepa kidogo. Na mama ndiye aliyekuwa sahihi. Kisimani wenzake walimwachia nafasi kubwa kupita kiasi. Kwenye harusi ya binamu yetu aliingia jikoni kusaidia, akakatakata mboga, na mboga zile zikabaki. Hakuna aliyemtukana. Wangemtukana angejua la kujibu. Walikuwa wapole, wanamuuliza unaendeleaje, na wanarudi hatua moja nyuma. Mvua zikaanza, zikaisha, na msimu ukageuka. Baba akatunga nyimbo mpya, nzuri tu, na watu wakazisikiliza kwa adabu, halafu wakaomba ule wa ndama.

Hicho ndicho ambacho hakikuwahi kutokea. Kuna vijana walikuwa wameurekodi kwa simu. Kijana mmoja wa kundi la baba akaupeleka studio hapa Bariadi, wakaupigia kinanda, wakaongeza na gitaa. Ukaanza kuingia kwenye memori za bodaboda, kwenye maduka ya simu, kwenye mabasi. Wimbo uliokuwa uoze na mvua za kwanza ukawekewa chumvi. Nilikuwa nimeshaanza kazi mjini wakati huo, na kuna siku niliusikia sehemu tatu kati ya nyumbani na shuleni, na sehemu ya tatu muuza vitumbua alikuwa anautikisia kichwa.

Dada alikuja kuishi na mimi. Alipata kazi ya kupika kwa mama lishe mmoja jirani na stendi, na mjini hakuna aliyemjua. Wimbo ulipopigwa, kwake ulikuwa unapigwa kama kwa mtu mwingine yeyote, na hilo lilimtosha. Pale ndipo alipompata mume wake wa sasa, mtu wa Shishiyu aliyekuwa analeta mpunga mjini, mjane, mpole, mcheshi, mwenye watoto wawili wanaohitaji mama. Dada alimwambia kwamba aliwahi kuolewa na mtoto akafa. Lile jingine hakumwambia. Mimi nilimshauri asimwambie, na nikiulizwa leo nitashauri hivyo hivyo. Mtu atasema, si amepona? Amepona, ndiyo. Mwambie mama mkwe wa Shishiyu, mwenye wakamwana wanne jikoni, kwamba huyu anayekoroga ugali wako ndiye yule wa kwenye wimbo. Kisha uone nani atakula.

Mahari yalizungumzwa mjini, kwa mjomba wetu, ili wakwe wasifike Ngulyati wakakutana na midomo. Dada akaenda Shishiyu. Akaanza maisha. Akazaa, kwa kupasuliwa, mtoto akalia.

Tatizo ni kwamba shemeji yangu alikuwa anaupenda ule wimbo. Aliupenda kabla hajamjua dada, na alipojua kwamba mkwe wake ndiye manju mwenyewe, aliona ameoa kwenye dhahabu. Anachunga, anauimba. Anafunga mpunga kwenye magunia, anauimba. Dada aliniambia kwenye simu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jana amewafundisha watoto wote kuitikia." Nikamuuliza wewe ulifanya nini. Akasema aliingia ndani kutafuta chumvi.

Nilikwenda kwa baba. Nilimwambia awakataze vijana wake, wimbo ufutwe, usiimbwe tena. Alikuwa amezeeka ghafla, anakaa mlangoni na fimbo, na mama anapita mbele yake bila kumwona. Akaniambia, "Mwalimu, nikikataza watauliza kwa nini nakataza. Leo wanadhani ni ndama. Nikikataza watamtafuta mtu." Nikasema ungefikiria hilo siku ya nyoka. Akasema, "Siku ya nyoka nilikuwa nazama." Nilimwambia maneno mengine ambayo siyarudii hapa. Alinisikiliza yote, halafu akasema kitu ambacho nimekibeba tangu siku ile. Alisema alikuwa anajua nyumba yake inaoza kule nyuma, na hakuwa na mahali pa kusemea isipokuwa pale uwanjani. Sikumwamini. Sasa namwamini kidogo, na hainisaidii.

Alikufa kipindi cha palizi, tumbo tu, siku chache.

Msiba wa manju haufichiki. Walikuja watu ambao hatukuwajua, Wagika na Wagalu, hata yule kijana wa chatu, sasa ana kitambi. Na walikuja kutoka Shishiyu, shemeji na kaka zake na mama yake, na fahali mmoja wa heshima. Nilipowaona wanashuka kwenye gari, nikaangalia ni nani wako karibu nao. Kijiji kizima kilikuwa kinajua. Wanawake wanaochambua mchele walikuwa wanajua, wanaume wanaochimba kaburi walikuwa wanajua. Kilichohitajika ni mdomo mmoja. Dada alishuka na mtoto mgongoni, akasalimia kila mtu kwa mikono miwili, "Ng'wadila, mayu," na kila mama akamjibu vizuri huku akimtazama mama mkwe wake aliyekuwa nyuma.

Nilimfuata msaidizi wa baba, aliyekuwa anaitikia nyuma yake miaka yote, na ambaye sasa ndiye angeongoza. Kwa desturi ya kundi lao, manju hashuki kaburini bila kuimbiwa. Nilimwambia, muimbieni wowote, ila ule hapana. Akasema, "Mwanangu, hata usiponiambia." Akanishika bega. Nilitulia.

Katekista akamaliza sala zake, akasogea pembeni kuwapisha watu wa ngoma. Wakaimba wimbo mmoja wa zamani wa kulima, wa pili wa kuaga. Wakaanza kukusanya ngoma zao. Na hapo shemeji yangu, yule mtu mwema, akavua kofia, akatoka mbele ya watu wote. Akasema yeye ni mkwe tu na hana neno msibani, lakini anaomba jambo moja. Mzee asiende bila wimbo wake wenyewe, ule uliompa jina. Akasema huko kwao watoto wake wanalala nao. Akaomba ule wa ndama.

Msaidizi wa baba alinitazama. Ungemkatalia mkwe aliyeleta fahali, kaburini, mbele ya mama yake, na ungesema sababu gani? Akaweka ngoma yake chini. Halafu akauanza, bila ngoma, chini kwa chini, vile vile alivyouanza baba. Ndama wangu niliyemtoa zizini amerudi peke yake. Akafika kwenye fifi. Akafika kwenye mvua, akanyamaza ili watu waitikie.

Hakuna aliyeitikia.

Walifanya kwa wema, najua. Umati wote ule, watu ambao wameuitikia ule wimbo kwenye harusi na kwenye baa na kwenye mashamba, walifunga midomo kwa pamoja bila kuambiana, kwa ajili ya dada, na wageni wakawafuata wenyeji. Wengine waliinamisha vichwa. Ni wema wa kwanza walioufanya tangu siku ile, na ungemuua. Maana shemeji, aliyekuwa anasubiri wenyeji waanze, aligeuka akawatazama watu, uso umejaa mshangao. Mama yake naye akaacha kufuta machozi, akaanza kuangalia, kutoka uso mmoja hadi mwingine, kama mtu aliyeingia mahali wakaacha kuongea. Nilimwona anaanza kutafuta.

Dada akaitikia.

Mvua haijanyesha, baba, mvua haijanyesha. Peke yake, sauti imenyooka, mtoto mgongoni, macho kwenye jeneza. Hakuwahi kuimba mbele ya watu maisha yake yote, na sauti ilikuwa ya baba mtupu. Msaidizi akachukua ubeti wa pili haraka, na ulipofika tena mahali pa kuitikia, mama yangu akajiunga naye. Halafu wanawake. Halafu msiba wote. Waliuimba hadi mwisho, beti zote, na dada hakukosea hata neno moja. Mama mkwe wake naye akaimba.

Jioni, watu wakishakula, tulikaa nyuma ya nyumba, dada, shemeji na mimi. Dada alikuwa anamnyonyesha mtoto. Shemeji alimtazama kwa upendo kabisa, akamwambia, "Kumbe unaujua wote. Mbona nyumbani sijawahi kukusikia ukiniitikia?"

Dada akasema, "Nilikuwa nauonea haya, kwa kuwa ni wa baba."

Shemeji akacheka kidogo, akampangusa mtoto mdomo kwa kidole. Akasema basi haya yameisha, sasa wakirudi wataimba wote wawili, yeye atakuwa anaanza na dada anaitikia, ili watoto wamjue babu yao.

Dada akasema sawa.